Petroli ya zamani kwenye gari-nyumba: nimwage au nichanganye?

BabaNyaboke

Habari zenu wakuu. Niko Brooklyn Park, Minnesota. Majuzi nimenunua gari-nyumba la 2008, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, chasi ya Ford E-450, injini V10. Mwenyewe alikuwa mzee aliyestaafu, mkewe akaugua, gari likabaki uani tangu vuli ya 2023. Ndani ni safi kabisa.

Shida ni mafuta. Geji inasoma nusu, na tangi ni la galoni 55, kwa hivyo nimerithi kama galoni 27 za petroli ya kitambo. Injini inawaka, lakini ikiwa baridi inamisi na kutetemeka, halafu inatulia. Jenereta, ile Onan 4000, ndiyo imegoma: nikishika kitufe cha stata inanguruma, nikiachilia inazima.

Jamaa mmoja ananiambia nimwage yote. Mwingine anasema nijaze mapya juu yake niende zangu. Watoto wameshaambiwa Julai tunaenda Duluth hadi kule juu kando ya Lake Superior, kwa hivyo kurudi nyuma hakuna. Nisaidieni.

Kipepeo254

Unajisumbua bure. Mimina chupa mbili za dawa ya injini, endesha. Hizo V10 zinakunywa chochote.

FundiWaTanga

Baba Nyaboke, hongera kwa gari na pole kwa mafuta. Kazi yangu ni hizi gari-nyumba, na nakwambia usimwage wala usijaze kabla hujaiona hiyo petroli kwa macho yako.

Kwanza elewa kuna magonjwa mawili hapo, na watu huyachanganya. La kwanza ni uchakavu: vile vilaini vinavyowaka haraka vimepaa, vilivyobaki vimeshikana na hewa na kuanza kutengeneza ulimbo. Ndiyo maana injini inasumbua ikiwa baridi. Ugonjwa huu, usipozidi, unatibika kwa kuchanganya. La pili ni maji. Petroli ya pampu ya kawaida huko kwenu ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inapenda maji. Yakifika kama nusu asilimia tu, inaachana na petroli, inashuka na maji yake chini ya tangi, palepale pampu inaponyonyea. Hapo Kipepeo254 anisamehe, hakuna dawa ya chupa itakayowarudisha pamoja. Ni kumwaga.

Sasa namna ya kujua. Usihangaike na mpira kwenye mdomo wa tangi, Ford wameweka kizuizi, hautapita. Na usichukue sampuli kwenye mpira wa jenereta. Bomba la jenereta limekatwa makusudi liishie kwenye robo ya tangi, ili ukilala porini na taa zinawaka lisikumalizie mafuta ya kurudia nyumbani. Kwa hiyo linanyonya juu, na maji yako chini. Chukua kwenye filta ya petroli iliyo ubavuni mwa chasi. Toa presha kwanza, vaa miwani, kinga kwa chupa ya kioo, mwenzako awashe swichi bila kupiga stata. Pampu itasukuma kidogo na kukata. Rudieni mpaka mpate nusu chupa. Iache itulie, kisha iangalie kwenye mwanga. Ukiona mstari, yaani tabaka mbili, mwaga. Ukisikia harufu kali ya vanishi ya mbao, mwaga. Ikiwa ni tabaka moja, imeiva rangi kidogo na harufu imepoa, jaza tangi kwa mpya, badilisha filta, na uliendeshe.

Na kabla ya yote hayo: zima friji na hita ya maji, maana zote huwaka kwa gesi, kisha funga mtungi wa gesi kabisa. Watu husahau kuwa nyumba hiyo ina moto ndani yake. Friji ikijiwasha yenyewe huku umekaa na beseni la petroli chini ya chasi, Duluth hamtafika.

Jenereta ni habari nyingine. Injini yako ina nozeli na presha kubwa, inavumilia mengi. Jenereta ina kabureta yenye vitundu vyembamba kuliko sindano, na petroli iliyokaa humo ikikauka inaviziba. Dalili yako ya kuzima ukiachilia kitufe mara nyingi ni hiyo. Badilisha filta yake ndogo, ikikataa, kabureta ifunguliwe au iwekwe nyingine.

BabaNyaboke

Fundi, Mungu akubariki. Tumefanya Jumamosi na shemeji yangu. Tabaka moja, rangi ya chai ya rangi iliyopoa, harufu imefifia lakini bado ni petroli. Mstari hakuna. Nimejaza hadi juu, nikazunguka nayo mpaka Elk River na kurudi. Kumisi kumekwisha. Jenereta bado ni kichwa ngumu hata na filta mpya, kwa hivyo nimeagiza kabureta.

Maswali mawili. Ile petroli ya kwenye chupa naipeleka wapi? Na baridi ikirudi, niliweke gari tangi likiwa limejaa au tupu?

MwanaUjiji

Hapo Brooklyn Park kuna kituo cha kaunti ya Hennepin kinachopokea taka hatari za nyumbani, petroli ikiwemo. Peleka kwenye chombo chenye kifuniko. Kwenye mtaro wa barabara usithubutu.

Halafu kuna kitu cha huko kwenu Minnesota: petroli isiyo na ethanoli, oktani 91. Mimi nina boti, natumia hiyo tu. Ila soma kibandiko kwenye pampu. Imeruhusiwa kwa magari ya kale ya wakusanyaji, pikipiki, boti, vyombo vya theluji na injini ndogo. Gari-nyumba halimo.

FundiWaTanga

Na jenereta yake ni injini ndogo, lakini inanyonya tangi lilelile, kwa hiyo hapo hakuna mlango wa nyuma.

Kuhusu baridi: jaza. Tangi tupu lina hewa nyingi, na hewa inaleta unyevu. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaosema acha kidogo, ili ikiharibika uwe na kidogo cha kumwaga. Kwa gari lisilojulikana litaamka lini nawaelewa. Lako litaamka kila masika, jaza. Weka dawa ya kuhifadhi kabla ya kujaza ili ijichanganye. Sta-Bil ile nyekundu ni aunsi 1 kwa galoni 2.5, kwa hiyo tangi lako zima linataka aunsi 22. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoikosa, washa injini na jenereta baada ya kuweka dawa, mpaka petroli yenye dawa ifike kwenye kabureta. Dawa ikibaki tangini, kabureta haijui habari zake.

Na hiyo Onan iendeshe saa mbili kila mwezi ikiwa imebeba mzigo wa kama nusu ya uwezo wake. Washa kiyoyozi, au kama nje ni baridi weka hita ya umeme. Kuiwasha dakika tano bila mzigo si kuifanyisha kazi.

Kipepeo254

Hiyo petroli kuukuu si angeimalizia kwenye mashine ya kukatia nyasi?

FundiWaTanga

Mashine ya nyasi nayo ina kabureta, ndugu yangu.