Naomba ushauri: kurekodi gitaa na ligombo nyumbani

Wakuu, habari za huku na huko. Niko Iringa, naandaa albamu ya nyimbo za huzuni, za taratibu mno: gitaa, ligombo (ala ya nyuzi ya Wahehe) na sauti yangu kwa mbali. Biti hakuna kabisa. Prodyuza niliyempelekea demo alisikiliza kidogo akauliza, "Sasa ngoma inaingia wapi?" Kesho yake akanirushia WhatsApp, kashaipachika amapiano. Nilicheka tu.

Nimeamua kurekodi mwenyewe chumbani, sakafu ya saruji, bati juu. Masika sithubutu. Juni na Julai mvua hamna, ila baridi yetu mnaijua, gitaa linapoteza tyuni kila mara. Kinachonitesa zaidi ni ligombo. Sauti yake ndogo. Nikisogeza maiki karibu, kucha zinasikika kuliko nyuzi, nikiirudisha nyuma napata mwangwi wa ukuta. Nichukue maiki ya kondensa au dainamiki? Mablanketi ukutani yanasaidia kweli?

Halafu wimbo mmoja ni wa msibani, wa mabibi zetu, mtunzi hajulikani. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, nausajilije? Waliowahi kupita huko naomba mnielekeze.