Ofisini wanasema "sisi ni familia", nikiuliza malipo ya Jumamosi naonekana msaliti. Naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni afisa mikopo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo hapa Mwanza, jina naliacha. Nilipoajiriwa nilipapenda. Nilipofiwa na baba, ofisi nzima ilikuja msibani na meneja wa tawi akabeba jeneza. Hilo silisahau, na ndilo linalonifunga mdomo.

Kazi rasmi ni saa mbili hadi saa kumi na moja, ila saa moja na nusu asubuhi ni lazima tusimame duara na kutaja maadili ya taasisi kwa sauti: uadilifu, umoja, kujitoa. Kisha mmoja anatoa "ushuhuda". Aliyefuatilia marejesho Igoma mpaka saa nne usiku anapigiwa makofi. Aliyewahi kutoka kumchukua mtoto anaulizwa kwa upole mbele ya wote kama kuna tatizo. Hafokewi mtu. Lakini ukishaulizwa hivyo mara moja, kesho yake unabaki mwenyewe.

Jumamosi inaitwa siku ya kujitolea. Tunazungukia wateja waliochelewesha marejesho kuanzia asubuhi mpaka alasiri, nauli ya bodaboda ni yako, malipo hakuna. Michango ya harusi na sare inakatwa kwenye mshahara. Nilipomuuliza meneja, alinijibu: "Mdogo wangu, nyumbani kwenu ukiosha vyombo unalipwa?" Sasa kwenye tathmini nimeandikiwa kuwa nina upungufu wa moyo wa kujitoa, wakati malengo yangu yote nimefikisha.

Nianzie wapi?

Mzee wa Nyegezi: Pole mdogo wangu. Ajira ngumu siku hizi, vumilia huku ukitafuta pengine.

Mama Wawili: Mzee, kuvumilia ndiko kulikomfikisha hapo. Dada, chukua kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Toa saa moja ya chakula, saa zako rasmi ni 40. Duara ni lazima, nami naihesabu ni kazi: nusu saa kwa siku tano, jumla 42 na nusu. Jumamosi ikizidi saa mbili na nusu, unaingia muda wa ziada, na hapo bado jioni za Igoma. Muda wa ziada hufanywa kwa makubaliano, usizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na kila saa hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Angalia tu kama unasimamia wafanyakazi wengine, maana baadhi ya wasimamizi hawaguswi na vifungu hivi. Kuhusu makato ya harusi, uliwahi kusaini popote?

Mleta uzi: Sijasaini kitu, na simsimamii mtu.

Mwalimu K: Mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1914 Ford kule Marekani ilitangaza dola 5 kwa siku, fedha nyingi sana wakati ule. Karibu nusu yake ilikuwa gawio la faida, na ili ulipate, wakaguzi wa kampuni walikuja nyumbani kuangalia kama unakunywa pombe, kama unaweka akiba, kama nyumba ni safi. Kwenu hahitajiki mkaguzi, mnakaguana wenyewe kwenye duara. Ndiyo nguvu ya maadili ya kazini: amri ya bosi unaweza kuipinga, lakini ukipinga "umoja" unaonekana una kasoro ya tabia. Swali la mshahara limegeuzwa kuwa swali la utu wako. Usikubali kulijibia huko.

Kaka Meneja: Mimi nasimamia tawi, sisi pia tuna duara. Linasaidia, hasa kwa vijana wapya wanaotukanwa na wateja. Msilaani kila kitu. Aliyekuja msibani alikuja kwa moyo.

Mama Wawili: Nakubali alikuja kwa moyo. Deni la msiba hulipwa msibani, siku akifiwa yeye, uende. Halilipwi kwa Jumamosi za mwajiri.

Mleta uzi: Hapo umenigusa. Sasa niseme kwenye grupu la WhatsApp?

Mama Wawili: Hapana, huko watakuzima kwa maadili. Mwandikie meneja barua pepe, nakala kwa afisa utumishi. Uliza swali moja: Jumamosi ni hiari au lazima? Wakijibu hiari, usiende, na jibu hilo litakulinda kwenye tathmini. Wakijibu lazima, omba utaratibu wa malipo. Makato yaulizie kwa barua nyingine. Kuanzia leo andika tarehe, saa na mteja uliyemfuata. Ikishindikana, nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi: madai ya kawaida ni ndani ya siku 60, ukifukuzwa ni siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kuchelewa.

Mleta uzi: Asante dada. Barua naiandika leo usiku, nitaleta mrejesho.