Tuliohama digitali kwenda kamera za mkanda, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Dar: Wakuu habarini. Jana napanga kabati la marehemu mzee nimekuta kamera yake ya mkanda, Pentax K1000, ndani ya kifuko cha ngozi, nikavuta ule mkono wa kusogeza mkanda nikabonyeza, ikalia klak, moyo ukashtuka kabisa. Digitali ninayo mwaka wa 6 sasa, harusi moja napiga picha 800 nikifika nyumbani sina hata hamu ya kuzifungua. Nataka nihamie huko. Mliotangulia mlikutana na nini?

Tanga: Mkuu umenigusa pabaya. Nilipoanza nilinunua kamera ya mtumba nikaenda nayo Pangani kwa bibi, nikampiga siku nzima, anasuka ukili mlangoni, anapepeta mchele, anacheka mpaka macho yanapotea, na bibi alikuwa hapendi picha ila siku hiyo sijui alipatwa na nini akakubali tu. Nikamaliza picha 36, mkono bado unavutika laini, nikasema leo nimebahatika mkanda mrefu. Kumbe ulimi wa mkanda, ile ncha ya mwanzo unayochomeka, haukushika tangu asubuhi, kila nilichopiga nilipiga hewa. Fundi wa studio kautoa kwenye dawa mweupe kama nailoni, hauna hata alama moja. Bibi akafariki Ramadhani kabla sijarudi. Nimebaki na ile ya kitambulisho tu, na pale hata hakucheka.

Morogoro: Pole sana aisee.

Mombasa: Pole ndugu yangu. Wageni shikeni hili, kile kinobu cha kushoto cha kurudishia mkanda, kila ukivuta mkono lazima kizunguke. Kisipozunguka jua mkanda hautembei.

Arusha: Ndo hapo mnaponishinda. Mtu akose picha za bibi yake kisa kinobu? Digitali angeona palepale. Hela ya mkanda na kusafisha mi nanunua memori kadi.

Tanga: Memori kadi yangu ilikufa na picha za ubatizo wa mwanangu, usinifundishe.

Mombasa: Msigombane jamani. Mikanda wekeni kwenye friji joto lisiiharibu.

Zanzibar: Friji sawa, lakini kwa joto letu la pwani ukiutoa usiufungue hapohapo, uache kwenye kikopo chake saa 2 hivi, la sivyo unatoa jasho. Na lenzi msizifungie kabatini, kuvu ikishaingia kwenye kioo haitoki kwa kitambaa.

Arusha: Kwangu mama watoto atautupa pamoja na nyanya zilizooza.

Morogoro: Nyeusi-nyeupe mtu asafishe mwenyewe nyumbani. Dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba letu ni ya moto, kwa hiyo kopo la dawa likae kwenye beseni la barafu kwanza.

Nairobi: Barafu ya nini, dawa ikiwa ya moto inafanya kazi haraka, punguza dakika tu.

Morogoro: Ukishuka chini ya dakika 5 picha inatoka na mawimbi, nimeharibu mikanda 2 hivyohivyo.

Mwanzisha mada, Dar: Wakuu ngojeni kwanza. Nimeenda kuvuta tena mkono nikiangalia hicho kinobu. Kimezunguka. Kaunta ya picha inasoma 23.

Tanga: USIFUNGUE MGONGO WA KAMERA!! Mwanga utaunguza mkanda!

Zanzibar: Subhanallah. Mzee kaacha mkanda ndani.

Nairobi: Malizia hizo 13 zilizobaki, piga familia.

Tanga: Asipige hata moja! Mkuu nisikilize, geuza kamera, bonyeza kitufe kidogo cha chini, kisha zungusha kinobu taratibu kufuata mshale mpaka usikie umelegea. Ukigoma usilazimishe, mkanda wa zamani unakatika, mpelekee mwenye chumba cha giza.

Morogoro: Na kama ni wa rangi, rangi zitakuwa zimefifia, mwambie fundi asafishe kama nyeusi-nyeupe, angalau sura zitaonekana.

Mwanzisha mada, Dar: Mzee alifariki 2004. Nimeshindwa kuzungusha, mikono inatetemeka, nimeifunga kwenye kanga nimeiweka juu ya kabati watoto wasifikie. Nani anasafisha mikanda ya zamani hapa mjini? Nitaipeleka mwenyewe, bodaboda simpi.