Mjadala: Cleopatra wa Netflix. Kosa ni rangi ya mwigizaji, au ni kuiita makala?

Mleta mada
Wadau, nauleta upya mjadala huu kwa sababu ushahidi mmoja mkubwa uliokuwa ukitegemewa umeanguka tangu filamu ile itoke. Kwa ambaye hakufuatilia: tarehe 10 Mei 2023 Netflix ilitoa Queen Cleopatra, makala ya filamu yenye maigizo katika sehemu 4. Jada Pinkett Smith ndiye mtayarishaji na msimulizi, na malkia ameigizwa na Adele James, Mwingereza mwenye asili mchanganyiko. Kionjo kilichotoka Aprili kilitosha kuwasha moto Misri. Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale ilitoa tamko kwamba Cleopatra alikuwa na ngozi nyeupe na sura ya Kigiriki. Mostafa Waziri, aliyekuwa akiongoza Baraza Kuu la Mambo ya Kale, alisema huko ni kupotosha historia ya Misri.

Swali: watazamaji wa Misri walikuwa na haki ya kulalamika? Kama ndiyo, walalamikie nini hasa? Msimamo wangu ni kwamba kumpa Adele James nafasi hiyo si kosa. Kosa ni kumchanganya mwigizaji na wanazuoni wanaohojiwa, halafu mtazamaji aachwe bila kujua ushahidi unaishia wapi na ubunifu unaanzia wapi.

Sarafu ya Shaba
Nakupinga mkuu. Mwigizaji hawezi kutengwa na makala, kwa sababu sura yake ndiyo dai lenyewe. Mtazamaji atasahau maneno ya profesa, ile sura haitamtoka.

Tuanze na ukoo. Ptolemy wa 1 alikuwa jemadari wa Kimakedonia wa Aleksanda Mkuu. Aleksanda alipofariki 323 KK aliishika Misri, na ukoo wake ukatawala mpaka Cleopatra wa 7, huyu tunayemjadili, alipokufa 30 KK. Karibu miaka 300, na kuoana ndugu kwa ndugu mara nyingi. Damu ya nje inayojulikana kwa maandishi ilipitia kwa Cleopatra wa 1, binti wa mfalme wa Shamu aliyeolewa na Ptolemy wa 5: ukoo wa baba yake ulitokana na Apama, mwanamke wa Sogdiana huko Asia ya Kati. Hiyo ni asili isiyo ya Kimakedonia tunayoweza kuionyesha kidole.

Halafu sarafu. Zile za shaba za Aleksandria zina herufi ya Kigiriki Π kwa drakma 80 na Μ kwa drakma 40, na tai upande wa nyuma. Upande wa mbele yupo malkia mwenye pua iliyopinda, kidevu kilichochongoka, nywele zilizosukwa kwa mistari kurudi nyuma na kufungwa kisogoni, na utepe wa kifalme kichwani. Pua hiyo ni ya baba yake, Ptolemy wa 12. Ziweke sarafu zao pamoja utaiona. Kuna pia kichwa cha marumaru kilichoko Berlin chenye nywele za namna ileile.

Mto Nile
Sarafu ya Shaba, umeanza vizuri ukaruka kipande kilicho kigumu zaidi. Bibi yake mzaa baba ni nani? Hajulikani. Ptolemy wa 12 aliitwa mwana wa nje ya ndoa tangu enzi zake. Mama wa Cleopatra mwenyewe? Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa enzi hizo, anasema katika mabinti watatu wa mfalme huyo ni mkubwa tu, Berenice, aliyekuwa wa ndoa halali. Cleopatra hakuwa mkubwa. Kwa hiyo kwenye mti huo wa ukoo kuna nafasi mbili zilizo wazi, tena karibu kabisa naye. Wapo wanaodhani mama alitoka kwenye familia za makuhani wa Memfisi, waliokuwa karibu sana na ikulu, na kwamba ndiyo maana yeye akajua Kimisri wakati Plutarch, mwandishi Mgiriki wa baadaye, anasema wafalme waliomtangulia hawakujihangaisha kujifunza. Ni dhana, sawa. Hata hivyo, "hajulikani" hakugeuki kuwa "mweupe" kwa tamko la wizara, kama ambavyo hakugeuki kuwa "mweusi" kwa uamuzi wa mtayarishaji.

Na shaba haina rangi ya ngozi. Pua iliyopinda unaikuta Athene, unaikuta Aswan na unaikuta Lamu.

Msoma Kilatini
Naongeza mawili kuhusu sarafu kabla watu hawajazitumia kama picha ya pasipoti.

La kwanza: kwenye fedha za Antiokia za karibu 36 KK, yeye yuko upande mmoja na Marcus Antonius, jemadari Mrumi aliyekuwa mwenzi wake, upande wa pili, na wachongaji wamewafananisha makusudi, shingo nene, kidevu kizito, ili waonekane watawala wa jozi moja. Dinari ya 32 KK, ile inayomwita malkia wa wafalme na wa wanawe walio wafalme, iko hivyohivyo. Sarafu ilikuwa tangazo la serikali.

La pili: husemwa kwamba hakuna mwandishi wa kale aliyegusa rangi yake. Si sahihi kabisa. Mshairi Lucan anakitaja kifua chake kuwa *candida*, yaani cheupe cha kung'aa, kikionekana kupitia kitambaa chepesi cha Sidoni. Ila Lucan aliandika miaka tisini hivi baada ya kifo chake, hakumwona, na *candida* ni neno ambalo washairi wa Kilatini humpa mwanamke mzuri yeyote. Ni ushahidi dhaifu. Hata hivyo upo, na makala yenye kujiheshimu huuweka mezani pamoja na udhaifu wake.

Mto Nile
Nashukuru kwa sahihisho hilo, Msoma Kilatini. Na kwenye ukuta wa hekalu la Dendera, Misri, je? Wengi huweka picha yake ya hekaluni kama ushahidi wa "Umisri" wake.

Msoma Kilatini
Dendera haisaidii upande wowote. Ukuta wa nyuma, upande wa kusini, mwanawe Caesarion yuko mbele akitoa sadaka kwa miungu na mama yake yuko nyuma yake. Umbo ni lile la kanuni ya mahekalu lililotumika kwa malkia wote. Ukifuta jina hutamjua. Hata pale rangi ilipobaki kwenye michoro ya Kimisri, kanuni ilikuwa mwanamume apakwe wekundu wa udongo na mwanamke umanjano. Mchoraji hakuwa anapima ngozi.

Mleta mada
Sasa lile lililonifanya nilete mada. Hoja iliyowapa nguvu waliotaka Cleopatra mwenye asili ya Afrika kusini ya Sahara ilikuwa mdogo wake, Arsinoe wa 4, aliyeuawa Efeso mwaka 41 KK kwa amri ya Antonius. Pale Efeso kuna kaburi la pembe nane. Mwaka 1929 lilifunguliwa jeneza la mawe ndani yake, fuvu likapelekwa Vienna, mifupa mingine ikabaki. Katika miaka ya 1990 ikatolewa dhana kwamba aliyezikwa pale ni Arsinoe. Mwaka 2009 makala ya runinga ya Uingereza ikatangaza kwamba vipimo vya fuvu vinaonyesha mama Mwafrika. Angalieni njia iliyotumika: fuvu lenyewe halikuwa mezani. Walitumia vipimo vya zamani na picha.

Januari 2025 timu ya Chuo Kikuu cha Vienna ikachapisha uchunguzi wa fuvu lenyewe pamoja na vinasaba. Ni mtoto wa kiume wa miaka 11 hadi 14. Kromosomu Y ipo kwenye fuvu na kwenye mfupa wa paja. Alikuwa na ugonjwa wa ukuaji: taya dogo, fuvu lililopinda upande mmoja kwa sababu mshono wake ulifunga mapema. Vinasaba vinaelekeza Italia au Sardinia. Hakuna Arsinoe pale.

Sarafu ya Shaba
Hapo ndipo ninapotaka mtulie. Fuvu lenye maradhi lililopinda lilipimwa kama fuvu la kawaida, umbo likapewa jina la bara, kisha runinga ikalibeba, kisha watazamaji wakalibeba miaka 15. Likishaonyeshwa na muziki wa huzuni halirudi nyuma.

Binti Kushi
Nimesoma yote. Kinachoniuma ni kwamba tunagombania mwanamke wa ukoo wa Makedonia huku Kandake, malkia wa Kushi, Sudan ya leo, yuko jirani, enzi hizohizo. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka yule towashi wa Matendo 8:27, mwenye mamlaka chini ya Kandake malkia wa Kushi. Kandake ni cheo, si jina. Miaka kama mitano baada ya Cleopatra kufa, Kandake wa Meroe, mji mkuu wa Kushi, ambaye kwa kawaida hutambuliwa kuwa Amanirenas, jeshi lake lilishambulia Aswan na kuangusha sanamu za Kaisari Augusto. Strabo anasema alikuwa chongo. Vita vikaisha kwa mapatano kisiwani Samos, na Augusto akawaondolea kodi. Mwaka 1910 kichwa cha shaba cha Augusto kilifukuliwa Meroe chini ya ngazi za hekalu: kila aliyepanda alimkanyaga Kaisari. Leo kiko Makumbusho ya Uingereza. Rangi ya huyu malkia haina ubishi, na kisa kina vita, ushindi na mkataba. Mnataka nini zaidi?

Mto Nile
Dada, moyo wangu uko nawe, ila watayarishaji wana tatizo la kweli. Maandishi ya Kimeroe yanasomeka kwa sauti, maana yake bado haijafunguka isipokuwa maneno machache. Masimulizi ya vita hivyo tumeyapata kwa upande wa Warumi. Ukitaka sehemu 4 za dakika 45 utajaza nafasi nyingi kwa kubuni.

Binti Kushi
Wabuni, kaka, mradi waseme wamebuni. Msimu wa kwanza wa mfululizo huohuo, Februari 2023, ulikuwa wa Njinga wa Ndongo na Matamba, kule Angola ya leo. Hakukuwa na wizara yoyote iliyolalamika. Na ninyi mnaosema "Mwafrika au Mmisri" mnawakosea Wanubi wa Aswan, ambao ni Wamisri na ni weusi. Afrika haianzii kusini ya jangwa. Mmisri anayekasirika kwamba historia yake imechukuliwa na Marekani ana haki. Anayekasirika kwa sababu ya weusi wenyewe hana.

Fundi Mavazi
Watazamaji wanabanana kwenye ngozi wakati mavazi ndiyo hudanganya kila siku bila kupingwa. Karibu kila filamu ya malkia huyu humvika kofia ya dhahabu ya tai na wigi zito akiwa sebuleni na Mrumi. Vazi hilo ni la kuta za mahekalu. Kwenye sarafu zake anavaa utepe wa kitambaa uliofungwa kisogoni. Na lile zulia la kwenye filamu nalo halipo: Plutarch anasema Apollodorus wa Sisilia alimwingiza kwa Julius Caesar ndani ya mfuko wa kufungia matandiko. Ukiona piramidi dirishani Aleksandria, jua zi umbali wa karibu kilomita 200. Ukiona askari wa Kirumi ameweka mguu kwenye kikuku cha tandiko la farasi, Warumi hawakuwa nacho.

Sarafu ya Shaba
Basi Fundi, kwa nini hukubali kwamba ngozi ni kosa la aina hiyohiyo?

Fundi Mavazi
Kwa sababu utepe tunao ushahidi wake, ngozi hatuna. Kwenye jambo lisilo na ushahidi mwongozaji lazima achague mtu, maana huwezi kuigiza ukiwa huna sura. Mwaka 1999 filamu ya runinga ya Marekani ilimpa Leonor Varela wa Chile nafasi hiyo. Chile haimo kwenye ukoo wa Ptolemy.

Mleta mada
Ndiyo maana nasisitiza neno makala. Ndani ya ile ya Netflix, na kwenye kionjo chake, mwanazuoni anasimulia bibi yake alivyomwambia asijali anachofundishwa shuleni, Cleopatra alikuwa mweusi. Ni kumbukumbu ya familia, ina uzito wake Marekani, nami naiheshimu. Lakini imewekwa kwenye kiti kilekile, taa zilezile, na mtu anayeeleza maandishi ya kale. Dawa yake haigharimu: maandishi madogo chini ya picha, "Plutarch, karne ya 2", "dhana", "tukio la kubuni". Sekunde 3 kila moja.

Sarafu ya Shaba
Nakubali maandishi hayo. Naongeza moja la lazima, kwenye sekunde za kwanza za sehemu ya kwanza: "Mama yake hajulikani." Na wizara nayo iliweke kwenye tamko lake.