Wiki 912 za Nadal ndani ya kumi bora: hesabu inakwendaje?

UwanjaWaUdongo
Wakuu, Nadal wa tenisi aliingia kumi bora ya ATP (orodha ya viwango vya tenisi ya wanaume, hutoka Jumatatu) tarehe 25 Aprili 2005, akatoka tarehe 20 Machi 2023. Nikihesabu Jumatatu hadi Jumatatu napata wiki 934, ila rekodi inasema 912. Hizo 22 zimekwenda wapi? Halafu mwaka 2012 aliumia goti akakaa nje miezi saba, mbona hakutoka hata tano bora?

Mkwaju
Umehesabu vizuri. Orodha ilisimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona: ya mwisho ilitoka 16 Machi, iliyofuata 24 Agosti. Wiki za katikati ni 22 na hazihesabiwi kwa yeyote. Rekodi iliyokuwepo kabla yake ni ya Jimmy Connors, wiki 788 mfululizo.

RaketiNzito
La goti lina jibu zuri zaidi. Pointi hudumu wiki 52, na kila shindano lina tarehe yake ya kufutika. Kabla hajaumia 2012 alikuwa ameshachukua mashindano ya viwanja vya udongo: Monte Carlo (pointi 1,000), Barcelona (500), Roma (1,000) na Roland Garros (2,000). Hizo ni 4,500, na hakuna hata moja iliyokuwa inafutika kabla ya Aprili 2013. Alipoteza za majira ya joto, akapoteza na 1,200 za fainali ya Australian Open, lakini akiba ya udongo ilimshikilia katika nafasi ya 5. Alirudi Februari, na msimu wa udongo ulipofika akatwaa tena Barcelona, Roma na Roland Garros, Monte Carlo akaishia fainali (600). Jumla 4,100. Angeumia Machi badala ya Juni, hadithi ingekuwa nyingine kabisa.

Na ndivyo ilivyokuwa 2023. Australian Open alitolewa raundi ya pili, 2,000 za ubingwa wa 2022 zikageuka 45. Acapulco hakucheza, 500 zikaenda. Indian Wells hakucheza pia, 600 za fainali zikafutika, na Jumatatu ile akashuka kutoka nafasi ya 9 hadi ya 13.

UwanjaWaUdongo
Nimeelewa, asante sana. Sasa nikitaka kujua mapema nani atashuka Jumatatu ijayo?

Mkwaju
Chukua pointi zake za leo, toa zinazofutika Jumatatu hiyo, jumlisha alizokwisha jihakikishia wiki hii. Kisha fanya hivyo hivyo kwa wanaomfuata, maana wengi humkokotolea mchezaji wao tu na kusahau kuwa wapinzani nao wana pointi za kutetea, yaani zinazokaribia kufutika. Kosa lingine ni kujumlisha kila kitu: yanayohesabiwa ni matokeo bora ya idadi maalumu, kwa hiyo robo fainali ya shindano la 250, yaani dogo ambalo bingwa hupata pointi 250 (robo fainali ni 50), inaweza isimwongezee kitu mtu wa juu. Na wakati wa Grand Slam (yale mashindano makubwa manne, ya wiki mbili) usisubiri orodha mpya Jumatatu ya katikati, haitoki.

RaketiNzito
Ongeza hili: hakikisha shindano lenyewe linatoa pointi. Wimbledon 2022 haikutoa, baada ya Warusi na Wabelarusi kuzuiwa kucheza. Djokovic alibeba kombe, akapata sifuri, 2,000 zake za 2021 zikafutika, akashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7. Kwa maoni yangu ule ndio mporomoko usio wa haki kuliko yote katika historia ya orodha hii.