Kikundi cha familia: cheki ya Ijumaa jioni

*Ijumaa*

Mwanajuma, 16:47: Mama, simu yako haipatikani. Kuna mteja hapa dukani, asema anunulia shule. Simiti mifuko 120 na mabati 100, jumla 203,600. Cheki ameiweka kwenye akaunti yetu saa tisa, stakabadhi ya benki ninayo, ina muhuri. Kenta iko nje. Nipakize?

Mwanajuma, 16:48: Na cheki ni ya 283,600. Ati karani wa shule alikosea, tumrudishie 80,000 kwa M-Pesa alipe gari na vibarua.

Salim, 16:49: Usipakize. Na usitume hata shilingi.

Mwanajuma, 16:50: Lakini nimefungua programu ya benki, salio limepanda. Naliona.

Salim, 16:52: Dada, nimekaa kaunta ya benki miaka sita. Hapo kuna masalio mawili. Moja lahesabu hata cheki iliyopokelewa leo, lingine ni pesa unazoweza kutoa sasa. Soma hilo la pili.

Mwanajuma, 16:53: 11,240.

Salim, 16:55: Basi hajalipa. Muhuri wasema karatasi imepokelewa, hausemi pesa zimeingia. Benki yake yaweza kuikataa Jumatatu, au Jumanne ikiwa aliichelewesha. Ndiyo sababu amekuja Ijumaa jioni: mpaka tujue, simiti yetu imeshauzwa. Na ile 80,000 ndiyo anayoitaka hasa, kwa sababu ikishaingia kwa simu yake aitoa papo hapo.

Bi Zuhura, 16:58: Nilikuwa naswali. Mwanajuma, mwambie kwa adabu mali yake tumeiweka kando, pesa zikiingia tutaipeleka wenyewe hadi shuleni bila nauli.

Salim, 16:59: Na shule uipigie kwa namba utakayoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye karatasi yake.

Mwanajuma, 17:06: Nimemwambia. Amepandisha sauti mbele ya wateja, asema namwita mwizi. Naona vibaya, mama. Huenda ni mtu wa kweli.

Bi Zuhura, 17:10: Mwanangu, mimi mwaka juzi niliona haya hivyo hivyo. Kijana aliniamkia vizuri, nikampa mali ya 186,000 kwa cheki iliyorudi. Nikawa naamka usiku kuhesabu karo ya Rashid, na sikumwambia mtu, hata babenu. Lau ningesema, leo usingeuliza kama upakize.

Mwanajuma, 17:11: Mama 😢

Ami Athman, 17:15: Pole sana shemeji, ungetuambia. Mimi nina mkandarasi ataka kunipa cheki ya tarehe 30 mwezi ujao. Si ikirudi anafungwa?

Salim, 17:19: Shikamoo Ami. Kifungu cha 316A cha sheria ya adhabu ya Kenya kina faini hadi 50,000 au kifungo hadi mwaka 1 kwa anayetoa cheki akijua hana pesa. Lakini cheki ya tarehe ya mbele haimo katika hilo. Ukiipokea, umemkopesha. Na ikizidi milioni 1 iache kabisa, benki zetu hazizipokei tangu 2009. Atume kwa RTGS, yaani benki yake ihamishe pesa moja kwa moja hadi akaunti yako.

Ami Athman, 17:20: Marahaba. Hiyo ya kumkopesha sikuijua. Nitamwambia alipe nusu kwanza.

Salim, 17:22: Shangazi, kitabu chetu cha cheki chakaa wapi?

Bi Zuhura, 17:24: Droo ya kaunta. Karatasi tatu nimeshazitia sahihi, ili Mwanajuma asikwame nikisafiri.

Salim, 17:25: Shangazi, nakuomba kwa heshima, zifutwe leo hii. Ukishatia sahihi, kiasi na jina aweza kuandika yeyote anayefika kwenye hiyo droo.

Mwanajuma, 17:33: Shule wamepokea simu. Hawajaagiza bati wala simiti. Nilipotoka kumwambia, kenta ilikuwa imeshaondoka.

Bi Zuhura, 17:34: Alhamdulillahi. Funga duka, uje na kitabu nyumbani.

Mwanajuma, 17:38: Mama, umesema tatu zenye sahihi? Naona 041 na 043. 042 imechanwa, na kishina chake, kile kipande kinachobaki kitabuni, hakikuandikwa kitu.

Salim, 17:38: Shangazi, pigia benki sasa hivi waizuie. Namba ya dharura iko nyuma ya kadi yako. Kesho asubuhi twende pamoja ukatie sahihi barua.

Bi Zuhura, 17:39: Napiga.