Naomba ushauri: kuhamisha mashine za karakana kutoka Tabata kwenda Kibaha

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nahamia Kibaha. Vyombo vya ndani havinisumbui, fuso moja inatosha. Kinachoninyima usingizi ni mashine za uani: randa ya umeme, msumeno wa meza, na mashine ya kukereza vyuma yenye kilo kama 800.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye kisirani. Uzito umekaa juu, upande wa kichwa, na mwili ni chuma cha kusubu. Ikianguka inapasuka, na kuichomelea ni kazi ya kubahatisha. Fundi mmoja kasema tuiviringishe juu ya vipande vya bomba hadi getini. Sawa, ila uani kwangu ni mchanga mtupu! Tutandike mbao nene chini, au nikodi gari la winchi kabisa?

Mkanda wa kunyanyulia upite wapi usije ukapinda shafti? Mota nifungue kwanza? Halafu zege la huko limemwagwa juzi tu. Nisubiri siku 28 zitimie, au naweza kuiweka mapema?

Aliyewahi kuhamisha dude kama hili anisaidie, hata makadirio ya gharama. Mke wangu anasema niiuze. Hilo sitaki.